Waliotutandikia

Safari ya watu wawili inabaki kwa nani, mmoja wao akishafariki? Barabara ipo. Mto Rufiji unapita palepale chini ya Daraja la Mkapa. Lakini safari yenyewe, ile tuliyozoea kuisimulia kwa kupokezana, yeye akianza na mimi nikimsahihisha, imebaki nusu. Nikiisimulia sasa hakuna wa kunikatiza. Naweza kusema lolote na nikaaminiwa. Nani alijua kwamba kukosa mtu wa kukubishia nako ni ukiwa?

Mume wangu alikuwa mtu wa "twende". Jioni moja ya masika alisema twende kusini, na kulipokucha tulikuwa tunaiacha Mbagala nyuma, bila kupanga pa kulala, bila kumuaga mtu. Daraja lilikuwa limeshafunguliwa, mwaka 2003, karibu kilomita moja ya zege juu ya maji mekundu ya udongo. Lami kati ya Ndundu na Somanga ilikuwa bado. Ng'ambo ya mto, dunia yote ilikuwa tope: malori yamelalia ubavu, vijana wamezama hadi magotini wakisukuma magari kwa ujira, abiria wameketi juu ya mizigo yao kama waliokubali kuzeekea hapo. Giza likatukuta.

Mama mmoja akatokea na kandili. Hakuuliza tumetoka wapi.

"Ingieni kwanza, wanangu, mmelowa. Majina tutaulizana kesho."

Tulikula bada na mchuzi wa papa, mimi uani pamoja na mama, mume wangu barazani pamoja na mzee. Nilisikia vicheko vyao vikichanganyika na mvua. Kisha tukaonyeshwa chumba. Nilijua kwamba kitanda kile ni chao wenyewe, kwa kuwa kamba zilikuwa zimelegea upande mmoja, zikafuata umbo la mtu. Chini ya mto mkono wangu uligusa kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo, sarafu. Ilikuwa akiba ya mama. Hakuihamisha. Yeye na mzee walilala chini, kwenye mkeka, upande wa pili wa ukuta.

Alfajiri lilipatikana lori la kutuvuta, nasi tukaondoka mbiombio. Kesho ya kuulizana majina haikufika. Au ilifika kwa mwenzangu peke yake, maana miaka yote aliyoishi baadaye alimtaja yule mzee kwa jina, nami nililiacha jina hilo kwake, kama wanandoa wanavyogawana ufunguo na nyaraka za nyumba: hiki shika wewe, hiki nitashika mimi. Sasa nalitafuta, silipati. Amekwenda nalo. Ni mambo mangapi mengine yalikuwa yangu, ila yalihifadhiwa kwake?

Tulifika Kilwa, tukavuka kwa mashua hadi Kisiwani, tukasimama ndani ya magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta alifika kisiwani hapo mwaka 1331, akaandika habari za sultani huyo aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Anasimulia kwamba siku ya Ijumaa fakiri mmoja alimwomba nguo alizozivaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Najua kwamba katika zawadi za wafalme wa enzi hizo walikuwamo watumwa, na kwamba wao hawakuulizwa kama wanapenda kutolewa. Hata ukarimu una waliolia ndani yake.

Lakini linalonirudia usiku ni lile linalofuata. Sultani alipokufa alirithiwa na ndugu yake, Daudi. Huyo, mwombaji akija, alimjibu kwamba mwenye kutoa ameshakufa na hakuacha cha kutolewa. Polepole wageni wakaacha kuja mlangoni pake.

Anasimuliwa kama bahili. Tangu nifiwe, namsikia vingine. Namsikia mtu aliyeondokewa na ndugu yake, amekalia kiti ambacho bado kina joto la mwingine, na kila anayebisha hodi anamtaka yule asiyekuwapo. Angejibu nini? Si ndilo jibu langu mimi pia, kila ninapoambiwa twende mahali?

Siku za msiba nyumba yangu ilijaa. Watu walilala kwenye mikeka sebuleni, wengine nisiowajua, wakinipikia jikoni kwangu kana kwamba mimi ndiye mgeni. Kisha tanga likaanuliwa. Nikakaa eda. Mlango ukazoea kufungwa.

Tukiwa wawili, hodi yetu ilikuwa nyepesi: mke na mume waliokwama, ni nani angewaogopa? Mwanamke aliye peke yake, usiku, kwenye mlango wa asiyemjua, huulizwa kwanza anakotoka na aliye naye. Sikuwa nimefahamu kwamba nusu ya ukaribisho tulioupata tulikwenda nao sisi wenyewe.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ziliikata barabara ileile maeneo ya Somanga. Nilitazama habari: mabasi yamejipanga, abiria wamekwama. Lami yote ile, na bado maji yalidai njia yake. Niliwatafuta kwenye picha wale wenyeji wetu, nikijua kwamba huenda nao hawapo tena. Je, kuna mlango uliofunguliwa usiku ule? Kuna mama aliyewaambia watu, "Majina baadaye"?

Nafikiri walitupokea wakijua kwamba watatupoteza asubuhi. Walitandika hata hivyo. Hawakutupa kidogo kwa kuwa tungekaa kidogo. Labda ndoa nayo ndiyo hiyo: unampokea mtu kitandani pako, unaiacha akiba yako yote chini ya mto, na safari yake iko palepale. Ila wao walijua ni alfajiri. Mimi sikutajiwa saa.

Nilidhani kuelewa kungepunguza kitu. Hakukupunguza. Ila namwelewa Daudi, na kwa kumwelewa namwogopa. Hakusema uongo: mwenye kutoa alikuwa amekufa kweli. Lakini kulikuwa na mtu mwingine aliyesimama pale mlangoni, aliyekuwa hai, na ndiye aliyebishiwa hodi. Mwenye kutoa akishakufa, aliyebaki ni nani, na atajijuaje kama hana cha kutoa kabla hajafungua?