Nafasi Mbili Mwishoni mwa Mstari

Mtu aliyesahihisha madaftari kwa miaka 37 haponi ugonjwa huo kwa kustaafu. Nilikabidhi ofisi ya mkuu wa chuo mwaka 2010, nikapewa mkoba, saa ya ukutani na hotuba ndefu, lakini kalamu nyekundu niliondoka nayo mwenyewe bila kuandikishwa popote. Tangu siku hiyo nimesahihisha mabango ya barabarani, kadi za harusi, na hata risala za misiba, hizi za mwisho kimoyomoyo tu. Mke wangu amenionya mara nyingi kwamba mzee anayesahihisha kadi ya mwaliko hataalikwa tena. Sikudhani kwamba uzeeni ningepata mahali ambapo tabia hiyo ingehitajika, wala kwamba hapo hapo ndipo ningekuja kusahihishwa mimi.

Mambo yalianza kwa simu. Mwanachuo wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa taaluma katika shule moja ya sekondari, alinipigia jioni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto?"

Watoto walikuwa wazima. Aliyekuwa mgonjwa ni kompyuta ya shule. Ilitunza alama za wanafunzi wote, kidato cha kwanza hadi cha nne, nayo ilikuwa imeanza kuzimika ovyo. Alitaka kunakili alama hizo mahali pengine kabla mashine haijakata roho. Mwongozo wa programu ulimwonyesha amri ya kuandika. Aliiandika kama ilivyo, herufi kwa herufi, na kila mara mashine ilimjibu kwamba amri haijakamilika. Siku tatu zilikuwa zimepita. Alinitafuta mimi, si kwa kuwa najua kompyuta, bali kwa kuwa mwongozo ulikuwa wa Kiingereza na alifikiri labda hakukielewa.

"Nimeanza kujiona mjinga, Mwalimu," alisema.

Neno hilo lilinichoma. Katika darasa langu hakuwa mjinga hata siku moja.

Programu yenyewe ilikuwa ya aina iitwayo programu huria, yaani maandishi yake ya ndani hayafichwi: yeyote aweza kuyasoma, kuyatumia na kupendekeza marekebisho. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa bado mwanafunzi huko Helsinki, ni ya aina hiyo. Kwetu pia mlango huo uliwahi kupitiwa: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa kwa Kiswahili programu ya kazi za ofisi, Jambo OpenOffice, na hawakulazimika kumpigia magoti mwenye mali. Nisilolijua ni kwamba hata miongozo ya programu hizo iko wazi vivyo hivyo. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha. Alifungua ukurasa ule uliomsumbua mwalimu, kisha akabonyeza mahali, na nyuma ya ukurasa yakatokea maandishi yake ghafi, kama mtu aliyegeuza kanga upande wa pili.

Maandishi hayo yalikuwa katika mtindo uitwao Markdown, uliotolewa na John Gruber mwaka 2004. Ni mtindo mwepesi. Ukitaka kichwa cha habari unatanguliza alama ya reli. Ukitaka neno litiliwe mkazo unalizungushia nyota. Ukitaka maneno ya mashine yaonekane kama yalivyo, bila kuguswa, unayaweka kati ya vialama viwili vidogo vinavyofanana na nukuu iliyolala, ambavyo kwenye kibodi nyingi viko juu kushoto, mahali ambapo kidole hakifiki ila kwa makusudi. Sisi tuliokata stensili kwa taipureta hatushangazwi na adabu za namna hiyo. Enzi zetu kosa moja lilizibwa kwa dawa yenye harufu ya rangi ya kucha, ukangoja ikauke, ukagonga upya ukiomba herufi isipasue karatasi.

Basi tulitazama ule mstari wa amri. Kumbe mwandishi hakukosea! Alikuwa ameandika amri, na mbele yake, ndani ya mabano yenye ncha, zile alama za hesabu za "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko", akaandika kwamba hapa mtumiaji aweke jina la faili lake. Lakini alisahau kuvizungushia vile vialama. Na kivinjari cha intaneti kikiona mabano yenye ncha hudhani kimepewa amri yake chenyewe. Kikashindwa kuitambua, hakionyeshi kitu. Maneno yalikuwapo upande wa nyuma, na upande wa mbele yamemezwa. Mwalimu wa watu alikuwa amesoma sawasawa kile alichoonyeshwa.

Nilimpigia usiku ule ule, akanakili alama zake kabla ya saa nne. Kisha nikakaa nikiutazama ukurasa. Chini kidogo palikuwa na hatua saba, zote zikiitwa hatua ya 1. Mwandishi alikuwa ameandika 1 kila mahali akitegemea mashine ihesabu, lakini maelezo ya katikati hakuyasogeza ndani, kwa hiyo kila hatua mashine iliiona kuwa mwanzo wa orodha mpya. Niliwaza ni walimu wangapi, katika nchi ngapi, waliwahi kukaa mbele ya ukurasa huu wakajiona wajinga.

Nikaanza kazi. Kwa siku nne niliusafisha mwongozo wote, mjukuu akinielekeza namna ya kutuma. Nilihesabu masahihisho 43: vialama, orodha, mistari mitupu iliyokosekana, Kiingereza kilicholegea, na nafasi tupu zilizoachwa ovyo mwishoni mwa mistari, ambazo nilizifuta moja baada ya nyingine kwa raha ya mtu anayepalilia. Nilituma yote kwa mkupuo, nikajisikia kijana.

Jibu lilikuja kesho yake. Msimamizi wa mwongozo ni kijana wa Brazili ambaye umri wake, kwa nilivyokuja kujua, haufiki nusu ya wangu. Alinishukuru kwa heshima, kisha akasema kazi haiwezi kupokelewa. Nimechanganya umbo na maneno katika furushi moja, kwa hiyo hakuna awezaye kulikagua. Aliomba nitume kimoja kimoja. Mwisho akaongeza kwamba zile nafasi mbili mwishoni mwa mstari hazikuwa uchafu. Katika Markdown, nafasi mbili hapo ndizo zinazoiambia mashine ishuke mstari mwingine. Kwa kuzifuta, mfano wa orodha ya mwanafunzi, namba yake, jina lake, kidato chake na mkondo wake, niliufanya utepe mmoja usiosomeka.

Nilikasirika, sitaficha. Niliufunga mfuniko wa kompyuta nikatoka nje kutazama migomba. Mimi niliyekagua maandalio ya somo ya maelfu ya wanachuo, niambiwe na mtoto kwamba sijui kitupu na kisicho kitupu?

Ni pale migombani ndipo kijana mmoja aliponijia akilini. Mwaka 1984 nilikuwa mkufunzi, nikiwazungukia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Yeye alipangiwa somo la hesabu, darasa la tano, dakika 40. Andalio lake lilipigwa mistari vizuri, safu zote zimejaa, isipokuwa dakika 15 za mwisho. Muda umeandikwa, kisanduku cha pembeni kitupu. Nikamwuliza pana nini hapo.

"Hapo ni pa watoto, Mwalimu," alinijibu.

Nikamwambia watoto hawaandiki andalio. Nilichora duara jekundu kukizunguka kisanduku, nikaandika "Halijakamilika," nikampa alama ya chini kabisa ya kumwezesha kupita. Somo lenyewe nilikaa nalo kwa dakika 20, kisha nikaondoka kwenda shule ya pili kwa baiskeli. Zile 15 sikuziona. Nilipokuwa nashuka mlima nilisikia darasa lile likicheka kwa sauti, nami nikaongeza kwenye daftari langu: "Hana udhibiti wa darasa."

Alihitimu, akafundisha miaka miwili, akaacha kazi. Nilisikia anafanya biashara ya mbao. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, mpaka jioni ile.

Nilirudi ndani. Nilizirudisha zile nafasi, zote, jambo lililochukua muda kuliko kuzifuta, kwa kuwa hazionekani. Kisha nikatuma sahihisho moja tu: vialama viwili kuzunguka yale mabano ya amri. Lilipokelewa baada ya saa mbili. Donald Knuth, profesa wa Marekani aliyetunga programu ya kupanga vitabu iitwayo TeX, kwa miaka mingi alimtumia kila aliyegundua kosa katika vitabu vyake hundi ya dola 2.56, na tangu 2008 hutuma cheti cha benki ya kubuni. Mimi sikupata hata hicho. Nilipata ujumbe wa mwanangu wa sekondari: "Mwalimu, sasa yanaonekana."

Nimekwisha kutuma mengine 31, moja moja. Leo asubuhi nimefika ukurasa wenye mistari mitatu mitupu katikati ya aya mbili, bila sababu ninayoiona. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nimeandika badala yake swali kwa yule kijana: je, hapa pana kitu? Kwao ni saa sita nyuma yetu, hajaamka bado.