Mnyoo na Mtu wa Mjengo

Mwaka 2008 watafiti watatu, Elie Dolgin, Marie-Anne Félix na Asher Cutter, walichapisha uchunguzi wao kuhusu minyoo waliokusanywa Afrika Kusini na hapa kwetu Kenya, wakiwemo wa Nairobi na Limuru. Hawa si wale wa tumboni. Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita moja tu, huishi kwenye matunda na mashina yanayooza, hula bakteria, wala hamdhuru mtu. Ndugu yake anayefugwa katika maabara nyingi duniani alitoka Bristol, Uingereza, na aliyempa umaarufu ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Wanaochunguza uzee humpenda kwa sababu maisha yake ni wiki mbili au tatu. Humwona akizaliwa, akikomaa, akizeeka na kufa, yote kabla mwezi haujaisha. Mwaka 1977 Michael Klass alipunguza bakteria katika chakula chao, na waliopata kidogo wakaishi siku nyingi zaidi. Mwaka 1998 wengine wakaonyesha kwamba mnyoo aliyezaliwa na koo dhaifu, asiyeweza kumeza vizuri, naye huwazidi wenzake umri.

Nilizisoma habari hizi baada ya kumzika baba. Katika matanga, jirani mmoja wa Kawangware alisema kwa huruma ya kweli: mzee alikuwa mtu wa kula kidogo, angepaswa kutuzika sisi. Sikumjibu. Lakini maneno yake yalinikaa, nikataka kujua kama yana msingi.

Baba alikuwa mtu wa mjengo. Alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, akakata Lavington kwa miguu kuelekea Westlands, au Kilimani, au popote ghorofa ilipokuwa ikipanda. Alibeba mawe na zege. Mchana wenzake walipoketi kwa mama wa githeri, yeye alikunywa maji akajinyoosha kivulini, maana pesa ya chakula ilikuwa karo yetu. Akiulizwa, alisema atakula vizuri tukimaliza shule. Kifua kikuu kilimchukua kabla ya hapo.

Ndiyo maana kuna jambo moja kuhusu mnyoo huyu ambalo siwezi kulisoma kwa utulivu. Akikosa chakula angali mchanga, anaweza kusimamisha makuzi. Hujifungia katika umbo jembamba, hafungui kinywa, na huweza kungoja hivyo kwa miezi. Chakula kikipatikana huendelea alipoachia. Mwaka 1976 Klass na David Hirsh walionyesha kwamba muda huo wa kungoja haupunguzi maisha yatakayofuata. Anaamka na siku zake zote.

Baba naye alikuwa akingoja. Siku zake zilihesabiwa zote.

Basi nilichunguza hao minyoo wanaonyimwa chakula wanaishi wapi. Wanaishi kwenye sahani safi, joto limewekwa nyuzi 20, hakuna mvua, hakuna adui, na bakteria wanaowekewa wamechaguliwa. Kitu kimoja tu kimepunguzwa, na kimepunguzwa kwa kipimo. Huko nje, kwenye tunda bovu, ndugu zao huugua na kuliwa, na wengi hukutwa katika lile umbo la kungoja. Hata kwa binadamu, kinachopimwa ni upungufu wa kipimo kama ule wa sahani. Katika jaribio lililofanywa Marekani, watu wenye afya, wasio wanene kupindukia, walipunguza chakula kwa takriban asilimia 12 kwa miaka miwili. Walipewa vitamini na madini, wakapimwa mara kwa mara, na madaktari walikuwa karibu kuwazuia wasidhurike. Afya ya moyo wao iliimarika. Naamini matokeo hayo. Ila hakuna hata mmoja wao aliyetakiwa kupandisha zege orofa ya saba bila kula, kisha arudi kulala chumba kimoja kisicho na dirisha pamoja na watoto wake.

Mtu anaweza kukaa na vijidudu vya kifua kikuu mapafuni miaka mingi bila kuugua, kwa kuwa mwili umevizingira. Ulinzi huo unahitaji nguvu na protini kila siku. Mwili ukinyimwa, ulinzi hulegea na vijidudu huanza kuzaana. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Jharkhand, India: familia zilizokuwa na mgonjwa wa kifua kikuu zilipewa nyongeza ya chakula kila mwezi, na wagonjwa wapya katika nyumba hizo wakapungua kwa karibu asilimia 40. Hakukuwa na dawa mpya. Ni chakula, pamoja na vitamini na madini.

Niliposoma hilo nililia, na nikiliandika hapa bado linanichoma. Karo ililipwa. Nimesoma kiasi cha kuelewa kilichomuua, na kilichonisomesha ndicho hicho hicho. Nikipita Waiyaki Way naweza kuonyesha majengo aliyoyabebea mawe, yamesimama imara, yana taa usiku kucha. Yeye hana hata picha moja akiwa na uso ulionenepa.

Jirani yetu hangekosea kama angesema kuhusu minyoo wa sahani. Alikosea kuhusu baba. Kujinyima kwa mtu mwenye akiba, usingizi na daktari ni jambo moja. Njaa ya kibarua ni jambo lingine, na sayansi ya sahani haijawahi kuiita njaa hiyo dawa. Tusimwambie maskini kwamba atadumu kwa kukosa.

Nawaomba makandarasi wanaojenga Westlands, Kilimani na Kileleshwa: wapikieni vibarua chakula cha mchana, kiwe sehemu ya gharama ya jengo kama saruji. Nawe msomaji, ukiwa na mzee nyumbani anayekohoa bila kupona, anayetoka jasho usiku na nguo zikimpwaya, usingoje mwisho wa mwezi. Mpeleke leo. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika hospitali za umma nchini Kenya.