Shibam, mji wa tofali mbichi

Wengi wetu tunaijua nyumba ya tofali mbichi. Ikikosa kupakwa, mvua huipiga, ukuta hupasuka, pembe huanguka, na mwenyewe hutafuta pa kulala. Basi msomaji atastaajabu akisikia ya kuwa uko mji mzima wa tofali zisizoonja moto, ambao nyumba zake zina orofa 5, 7, hata zaidi, na nyingine kimo chake chafika metri 30.

Mji huo ni Shibam, katika bonde la Hadhramaut, nchi ya Yemeni, kusini ya Arabuni. Juu ni jangwa la mawe matupu. Chini, kati ya majabali marefu, limelala bonde pana lenye mitende na mashamba. Mto wa kudumu haupo. Lakini mvua ikinyesha juu, maji hushuka kwa ghafula na ngurumo, kisha hupotea mchangani. Maji hayo ndiyo yanayolisha mitende, na ndiyo yaliyobomoa sehemu kubwa ya mji wa kale mwaka 1532. Minara ya Shibam ilianza kuinuka baada ya gharika ile, ijapokuwa msikiti mkuu ni wa kale kuliko hiyo, wa karne ya 9 au 10.

Msafiri anayetoka Sayun, kilometri kama 20 upande wa mashariki, huuona mji kwa mbali kama rundo la masanduku yaliyosimamishwa wima. Ukuta umeuzunguka wote, na kwa miguu waweza kuuzunguka katika muda usiofika nusu saa. Kwa nini watu wenye jangwa lote hilo wakabanana hivi? Jangwa si shamba. Udongo mwema ni kidogo, wala hawakutaka kuufunika kwa nyumba. Tena nje walikuwako wanyang'anyi na makabila yenye uadui. Kwa hiyo walijenga kwenda juu.

Ufundi wao wapasa kutazamwa kwa makini. Udongo wa mashamba hukandwa kwa maji na majani makavu yaliyokatwa, kama walivyofanya Waisraeli katika Misri, ukatiwa katika kalibu ya mbao na kuanikwa juani. Msingi ni wa mawe. Ukuta ni mnene chini, nao huzidi kuwa mwembamba kila orofa, ili mzigo upungue juu. Orofa ya chini haina madirisha. Ni ghala ya nafaka. Jamaa hukaa juu, penye upepo. Milango mingi imechongwa kwa mkunazi, mti ambao wataalamu huuita kwa Kilatini spina-christi, yaani mwiba wa Kristo. Na nyuki wa mkunazi katika bonde la Doan hufanya asali inayosifiwa Arabuni kote. Mwisho dari na kuta za juu hupakwa chokaa nyeupe ili mvua iteleze.

Lakini chokaa haidumu. Nyumba ya Shibam hudai fundi na fedha kila mara, na tangu zamani sehemu ya fedha hizo ilitoka ng'ambo. Watu wa Mombasa na Unguja waliwaita wageni wa Hadhramaut Washihiri, kwa jina la bandari ya Shihr. Walichukua mizigo, waliuza kahawa, walifungua maduka. Wenzao walikwenda Java na Singapore. Katika Tarim, mbele ya Sayun, yako majumba ya udongo yaliyojengwa kwa mali ya Singapore.

Shirika la UNESCO liliuandika Shibam katika urithi wa ulimwengu mwaka 1982. Mwezi wa Oktoba 2008 mafuriko yaliua watu zaidi ya 100 katika mashariki ya Yemeni. Minara mingi ya Shibam ilisimama. Zilizoumia ni nyumba zilizokuwa zimekwisha kuchoka. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Vita iliyoanza nchini mwaka 2014 imewafanya wengi kuwa maskini, na maskini hununua unga kabla ya chokaa. Mwaka 2015 mji uliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuhama na kujenga kwa saruji ng'ambo ya bonde ni rahisi kuliko kutunza orofa 7, na mimi siwezi kuwalaumu wanaohama. Ila nyumba iliyoachwa haianguki peke yake. Hulowesha na kutikisa ya jirani, kwa maana zimeegemeana.

Miaka ya hivi karibuni, kwa fedha za nchi za Ulaya na usimamizi wa UNESCO, vijana wa Shibam walilipwa ujira ili watengeneze nyumba za mji wao chini ya mafundi. Walikanda udongo kwa miguu, wakaanika tofali, wakapandisha karai za chokaa hadi darini.