Nimeusingizia Mtandao wa Bangale

Nakiri mbele ya wafugaji wa Bangale na wateja wao wa Nairobi: mlipolipa mkakosa mbuzi nami nikawaambia "ni mtandao," sikusema kweli. Kosa lilikuwa langu.

Nilijenga tovuti ya kuuzia mbuzi kwa PHP. Ukurasa wa kwanza mteja anachagua mbuzi, wa pili anaandika mahali pa kupelekewa, wa tatu analipa kwa M-Pesa. Nilijua PHP haina kumbukumbu: ukurasa ukishatolewa, kila kigeu hufutika. Kwa hiyo oda nikaiweka kwenye $_SESSION. Seva huitunza, na kivinjari cha mteja hubeba kuki iitwayo PHPSESSID. Kila ukurasa mpya unapofunguliwa, seva humtambua kwa kuki hiyo. Hadi hapo nilikuwa sawa.

Nilipotea kwenye malipo. Mteja akishaweka PIN kwenye simu, taarifa ya malipo haipiti kwenye kivinjari chake. Mitambo ya M-Pesa huituma moja kwa moja hadi anwani ya seva yangu niliyoitaja kwenye ombi la malipo, na mitambo hiyo haina kuki ya mteja. Huko ndiko nilikosoma $_SESSION. Pesa zikaingia, oda zikasajiliwa tupu.

Mbona sikuliona wakati wa majaribio? Anwani ile niliifungua mwenyewe, kwa kivinjari kilekile nilichochagulia mbuzi. Kuki ilikuwapo, mambo yakapita. Na malalamiko yalipoanza, kisingizio kilikuwa tayari, maana huku kwetu mtandao ukilaumiwa hakuna anayebisha. Wafugaji wakashinda sokoni na mbuzi waliokwisha kulipiwa, wasijue.

Dawa haikuwa ngumu. Oda iandikwe kwenye hifadhidata kabla ya kuomba malipo. Ombi likipokelewa, jibu huja na namba ya utambulisho iitwayo CheckoutRequestID. Itunze pamoja na oda. Taarifa ya malipo itarudi na namba hiyohiyo, nawe utajua ni oda ya nani. Bei nayo ihesabiwe kwenye seva, isichukuliwe kwenye fomu, kwani fomu mteja anaweza kuichezea.

Waliolipa bure nimewarudishia pesa zao. Wewe unayejenga duka la aina hii, jaribu malipo kwa simu halisi, na usome kumbukumbu za seva yako kabla ya kuulaumu mtandao.