Njia ya Kurudi Itengenezwe Mapema



Katika mazungumzo yetu juu ya ulevi tumezoea kusikia habari za aina mbili. Ya kwanza ni ya mtu aliyepotea kabisa, ambaye jina lake hutajwa kwa sauti ya chini kama onyo kwa wadogo. Ya pili ni ya mtu aliyeacha pombe siku moja asiirudie tena, ambaye husimamishwa mbele ya watu atoe ushuhuda na kupigiwa makofi. Kuna habari ya tatu ambayo haisimuliwi sana, ingawa hutokea mara nyingi: ya mtu aliyeacha, akakaa vizuri kwa miezi kadhaa, kisha akarudia. Huyu hana mahali pa kusimama. Ushuhuda hawezi tena kuutoa, na kuwa onyo hataki. Kwa hiyo hujificha. Leo tunapenda kumtafakari huyo wa tatu, maana yupo kati yetu hapa Muhumba na katika mitaa yote ya Bukavu, na pengine maneno haya yatamfikia.

Tuelewane kwanza juu ya ugonjwa wenyewe. Hatumsemi mtu anayekunywa chupa moja arusini kisha akaenda kulala. Tunamsema yule ambaye pombe imekwisha kumtawala, iwe kasiksi, kanyanga au bia ya kiwandani, hata akiapa asubuhi kwa moyo wa kweli, jioni miguu inampeleka kulekule. Hali hiyo huitwa uraibu. Miaka ya kunywa huufundisha ubongo somo ambalo halifutiki siku mtu anapoiweka chupa chini. Harufu ya nganda, rafiki wa zamani, siku ya mshahara, kilio cha ndugu, hata upweke wa Jumapili jioni, vyote vinaweza kuliamsha somo lile. Taasisi ya Marekani inayochunguza madawa ya kulevya imeandika kwamba kati ya watu 100 wanaotibiwa uraibu, 40 hadi 60 hurudia, na kwamba hesabu hiyo haipitani sana na ya wagonjwa wa shinikizo la damu au wa pumu wanaoacha masharti ya tiba yao na kuzidiwa tena. Mgonjwa wa shinikizo la damu akizidiwa, tunamchukua hospitali. Hatumwambii kwamba tiba yote ya mwanzo ilikuwa uongo.

Hatusemi hayo ili kuanguka kuonekane jambo dogo. Nyumbani kwa mlevi kuna mke anayesikiliza hatua za mlangoni, na kuna watoto ambao feda yao ya shule imekunywewa. Hata mwili wa aliyerudia una hatari yake. Baada ya miezi ya kuacha, hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani, na anayekirudia kile kile kwa mara moja anaweza kufa, hasa kama alikuwa mtumwa wa heroini na madawa ya jamii yake. Tunachosema ni hiki: saa ya kuanguka ina hatari, lakini siku zinazofuata zina hatari zaidi, na siku hizo ziko pia mikononi mwa wenzake.

Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa mtaa wetu, ambaye jina lake tunalihifadhi. Alikuwa motari, akibeba watu kutoka Nyawera hadi chini karibu na ziwa. Aliacha kanyanga, akakaa miezi saba, akaingia kwaya. Kisha mjomba wake akafa. Usiku wa kilio mtu alimpa glasi kwa nia ya kumfariji, naye akaipokea. Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani, na ya pili vilevile. Kikundi chake kilisikia habari, na kanzu yake ya kwaya ikapewa mwingine. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza, lakini pia hakuna aliyekwenda. Alipoulizwa baadaye siku zile zilikuwaje, alisema kwamba glasi ya kwanza ilikuwa ya huzuni, na zote zilizofuata zilikuwa za aibu.

Aliyekwenda mwishowe ni mama mmoja kiongozi wa shirika, na hakwenda na hotuba. Alipeleka uji, akaketi mlangoni, akasema, “Mwanangu, tulikukosa.” Kijana akajibu bila kuinua macho, “Mama, nilirudia kule.” Mama akasema, “Najua. Kunywa uji. Kesho asubuhi mimi na baba yako mdogo tutakusindikiza kwa muganga.” Maneno yale hayakumponya mtu. Yalichofanya ni kufupisha muda wa kujificha, ambao tayari ulikuwa umefika miezi mitatu. Swali linalotusumbua tangu hapo ni hili: kwa nini uji ule usifike siku ya tatu?

Jibu tunaloliona ni kwamba hakuna aliyepewa kazi hiyo. Kila mmoja alidhani mwingine atakwenda, na kijana mwenyewe hakujua mlango gani aupige. Njia ya kurudi haikuwa imetengenezwa, na mtu mwenye aibu hana nguvu za kutengeneza njia.

Historia ina mfano unaofaa hapa. Mwezi wa Mei 1935, mfanyabiashara wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa peke yake hotelini katika mji wa Akron, nchini Marekani. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, biashara iliyompeleka huko ilikuwa imevunjika, na baa ya hoteli ilikuwa karibu. Hakungoja aanguke kwanza. Alishika simu akawapigia wachungaji wa mji ule, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hivyo akakutanishwa na daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye alikuwa amekubali kumpa robo saa tu. Walizungumza kwa saa nyingi, hadi usiku. Daktari akaacha pombe. Baada ya majuma machache akasafiri kwenda mkutano wa madaktari, na huko akarudia.

Hapo ndipo tunapotaka mtazame vizuri. Daktari Smith aliporudi Akron, hakufungiwa mlango. Wilson na nyumba yake Smith walimpokea, wakamhudumia hadi akapata nafuu. Tarehe 10 Juni 1935 huhesabiwa kuwa siku ya pombe yake ya mwisho, na hadi kufa kwake mwaka 1950 hakunywa tena. Chama kilichozaliwa na urafiki wao, Alcoholics Anonymous, kimeenea duniani kote, na siku kinayoiadhimisha kuwa ya kuzaliwa kwake ni hiyo hiyo 10 Juni. Chama hicho kingeweza kuadhimisha ile siku ya Mei walipokutana mara ya kwanza. Kinaadhimisha siku iliyofuata kuanguka.

Katika mji ule ule alikuwako mtawa mmoja, Sista Ignatia, karani wa mapokezi katika hospitali ya Mtakatifu Tomaso. Tangu Agosti 1939 yeye na Daktari Smith walianza kuwalaza walevi kama wagonjwa, wakati ambapo hospitali nyingi ziliwakataa. Kila aliyetoka alimpa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yezu, akimwachia sharti moja: ukiamua kunywa tena, uje kwanza unirudishie mkononi. Tutafakari hekima ya sharti lile. Sista hakumdai mgonjwa ahadi ya kutoanguka kamwe. Alimtengenezea njia ya kumfikia mtu, kabla kiu haijaja, na njia hiyo aliitia mfukoni mwake.

Tena tunaye Mtakatifu Marko Ji Tianxiang wa China. Alikuwa daktari Mkristo aliyewatibu maskini bila malipo. Alipougua tumbo alijitibu kwa afyuni, na afyuni ikamfunga. Aliungama mara kwa mara dhambi ile ile, hata muungamishi wake akaona kwamba hana nia ya kweli ya kuacha, akamnyima ondoleo. Miaka 30 alikaa bila kupokea sakramenti, wala hakuacha kusali na Kanisa. Mwaka 1900, Wakristo walipouawa katika maasi ya Mabondia, alikamatwa pamoja na jamaa yake, akaomba auawe wa mwisho ili asiwepo hata mmoja wao atakayekufa peke yake. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu pamoja na mashahidi wengine wa China. Siku zile watu hawakuujua uraibu kama ugonjwa, na hatuna sababu ya kuwahukumu. Lakini sisi tunajua. Mtu yule alirudi mlangoni kwa miaka 30 kwa nguvu zake tu. Wachache wana nguvu hizo, na si haki kumdai kila kijana wa Muhumba awe nazo.

Basi, njia ya kurudi hutengenezwa namna gani? Tunapendekeza mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kikundi chochote, hata kisicho na feda.

Kwanza, anayeacha achague mwenyewe watu wawili, angali mzima, na wao wakubali mbele yake. Namba zao aziweke karibu. Wakubaliane neno moja fupi, kwa kuwa mwenye aibu hawezi kueleza habari ndefu katika simu. Na wakubaliane kwamba asipoonekana kwa siku mbili, hao wawili watakwenda kwake bila kungoja mwaliko.

Pili, muganga asisahauliwe. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikata pombe ghafula anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, au kuona na kusikia yasiyokuwapo, na wengine hufa. Kumfungia chumbani na kumwombea si tiba. Apelekwe kituo cha afya. Hapa Bukavu tunacho pia kituo cha SOSAME cha magonjwa ya akili, kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo, jumuiya ya kitawa iliyoanzishwa Ubelgiji mwaka 1807 na Padri Petrus Jozef Triest. Kwenda huko si fedheha. Sala na dawa hazigombani.

Tatu, maongezi ya siku za kwanza yawe na swali moja: ni nini kilitangulia? Je, ilikuwa feda, kilio, ugomvi, au kukosa usingizi? Kuanguka kukichunguzwa hivyo hugeuka somo, na mpango wa kesho hurekebishwa. Maswali ya “kwa nini umetuaibisha” yaachwe, kwani aliyeanguka amekwisha kujiuliza hayo usiku kucha.

Nne, nafasi yake ilindwe. Kama alikuwa mwimbaji, kanzu yake ingoje. Miezi saba ya kuacha haikupotea, kwa maana ilimwonyesha kwamba anaweza. Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tano, msaada uwe na mipaka. Kumpenda si kumkopesha feda ya kunywea, si kusema uongo kwa mkubwa wake wa kazi, wala si kumwomba mke avumilie mapigo. Nyumba yenye hatari ilindwe kwanza. Wanaomsindikiza nao wabadilishane, wasije wakachoka na kumwacha wote kwa siku moja. Na siri yake isiwe nia ya sala inayotangazwa kwa majina.

Kwako wewe uliyerudia, tunasema kwa ufupi. Usingoje upate nguvu ndipo uje, wala usingoje Kwaresima, mwaka mpya au mwezi wa kwanza. Mwambie mtu mmoja leo, kabla giza halijaingia. Kama wawili uliowachagua hawapatikani, mwendee mama wa shirika, padri, muuguzi, au rafiki asiyekunywa. Huhitaji maneno mazuri. “Nimerudia” ni neno linalotosha.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ni nani aliyetoweka kati yetu mwaka huu, na ni nani amekwisha kwenda kumtazama?

2. Mwenzetu akirudia usiku wa leo, je, anajua amwite nani? Kama hajui, tuwataje hao wawili kabla ya kuachana.

3. Katika vilio na arusi zetu, mtu asiyetaka pombe hupewa nini mkononi, na hupewa kwa maneno gani?