Mlango Usio na Chumba

Katika miaka yangu ya ualimu nimeandika ubaoni mambo mengi ambayo leo nimeyasahau. Mstari mmoja mfupi, hata hivyo, sijausahau: OUT 888, 255.

Mwaka 1998 shule niliyokuwa nikiiongoza ilipewa kompyuta 3 kuukuu. Mwalimu wa somo hilo hatukuwa naye. Mimi niliyekuwa nimesomea Fizikia na Hisabati katika chuo cha ualimu nikajifungia ofisini jioni baada ya jioni, nikajifunza kwa kupapasa. Nyuma ya kila kompyuta palikuwa na tundu pana la kuchomekea waya wa printa. Printa yenyewe hatukuwa nayo. Basi nikaunganisha hapo taa ndogo 8 nyekundu, kila moja na rezista yake, nikaandika mstari ule na kubonyeza kitufe. Taa zote 8 zikawaka kwa pamoja. Kidato cha tatu walipiga makofi kana kwamba timu yao imefunga bao.

Niliwaeleza hivi. Prosesa za ukoo wa Intel zina njia mbili za kuzungumza na vitu vilivyo nje yake. Njia ya kwanza ni kupitia anwani za kumbukumbu, kama vile mtu anavyopeleka barua nyumba kwa nyumba. Ya pili ni mtaa wa pembeni wenye milango yake yenyewe, iliyohesabiwa kuanzia 0 hadi 65,535, na prosesa ina amri mbili maalumu za kuingia na kutoka katika mtaa huo. Mafundi huita milango hiyo poti. Katika kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 kibodi ilipatikana katika poti namba 96, na printa mara nyingi katika namba 888. Namba 255, ikiandikwa kwa sufuri na moja, ni moja 8 zilizopangana. Moja 8, taa 8. Mtoto aliyeona taa zile hakuhitaji kuelezwa tena hesabu ya vizio viwili.

Msomaji atanielewa basi nikisema kwamba nilichomwa moyo siku mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kuandika programu, aliponiambia akiwa likizoni: “Babu, zile poti zako sasa zimefanywa za hiari katika Linux.”

Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na kiini chake ndicho kinachosimama baina ya programu na vyuma. Nikamuuliza mjukuu wangu ni nani aliyewaambia vijana wa leo kwamba kila cha kale ni takataka. Akacheka. “Hazijaondolewa, Babu. Kompyuta yenye poti inazo kama kawaida. Kilichoondolewa ni kudanganya kwamba kila kompyuta inazo.”

Akanieleza, nami nitajaribu kueleza kama nilivyoelewa. Linux ilizaliwa juu ya prosesa ya Intel, hivyo tangu utotoni ilichukulia kwamba poti zipo. Baadaye ikahamia katika mashine za koo nyingine nyingi, na baadhi ya koo hizo hazina mtaa ule wa pembeni kabisa. Mfano ni kompyuta kubwa za IBM zinazotumiwa na mabenki, ambazo ukoo wake ulianza mwaka 1964, kabla ya prosesa ya kwanza ya Intel. Sasa, ndani ya kiini mna vipande vingi vya programu vinavyoitwa viendeshi, kila kimoja kikihudumia kifaa chake, na vingi vya zamani hubisha hodi kwenye poti. Ili viendeshi hivyo viweze kujengwa hata katika mashine zisizo na poti, waliweka hapo amri za bandia. Jina la amri lilikuwepo, ila nyuma yake hapakuwa na kitu. Aliyeomba poti namba 888 alipelekwa kwenye anwani ya kumbukumbu namba 888, yaani hatua 888 kutoka sufuri, mahali ambapo hapaguswi. Aliyethubutu kupagusa alianguka.

Jambo baya, alisema mjukuu wangu, ni kwamba wakati wa kujenga kila kitu kilionekana sawa. Kosa lilijitokeza siku ya kazi tu. Programu inayotafsiri maandishi kuwa lugha ya mashine, iitwayo Clang, ilikuwa ikinung'unika kwamba hesabu hii inaanzia kwenye sufuri, lakini manung'uniko ni rahisi kuyazoea. Kazi ya kurekebisha ilipoanza mwaka 2021, aliyeisukuma alikuwa mhandisi wa IBM anayeshughulikia zile kompyuta kubwa zisizo na poti. Dawa yenyewe ni swali moja la ndiyo au hapana, linaloulizwa kabla ya kujenga: je, mashine hii ina poti? Jibu likiwa hapana, kiendeshi kinachozihitaji hakijengwi, na anayeitaja amri ile huambiwa hapohapo kwamba haipo. Swali ni dogo, lakini ilibidi kupita kila kona ya kiini, kiendeshi kwa kiendeshi, na kuandika nani anahitaji poti na nani hahitaji. Swali hilo liliingizwa katika toleo la 6.4 la mwaka 2023, na kazi ikakamilishwa katika toleo la 6.13, lililotoka Januari 2025.

Alipomaliza, sikujibu. Mjukuu wangu alidhani bado nimekasirika kwa ajili ya taa zangu. Kumbe nilikuwa nimeikumbuka fomu.

Mwaka 1986, katika shule ya kwanza niliyopewa kuiongoza, fomu yetu ya kujiunga ilikuwa na mstari ulioandikwa: Sahihi ya Baba. Siku ya kupokea kidato cha kwanza alikuja mama mmoja na binti yake, sanduku la bati kichwani. Karani aliwarudisha, wakaja kwangu. Mama akasema, “Mwalimu, huyu nimemzaa na kumlea peke yangu. Baba yake simjui aliko.” Nikamjibu, “Mama, fomu ndiyo inavyotaka. Nendeni mkatafute mtu wa upande wa kiumeni atie sahihi.” Sikusema kwa ukali. Nilikuwa kijana, nimekabidhiwa shule, na niliamini kwamba kufuata karatasi ndiko kutenda haki.

Walirudi baada ya wiki 3. Sahihi ilikuwepo, ya nani, sikuuliza. Nafasi tayari tulikuwa tumempa mtoto mwingine. Nikawaambia wajaribu mwaka unaofuata. Hawakuja.

Fomu ile haikuwa na kosa lolote ilipokuwa ikichapwa. Niliikagua mimi mwenyewe na kuipitisha. Mstari ulikuwa umenyooka, nukta zimepangwa vizuri, mahali pa kuandika pametosha. Ulikuwa mlango uliopakwa rangi, na nyuma yake, kwa mtoto yule, hapakuwa na chumba. Yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuligundua hilo, akiwa na sanduku kichwani.

Miaka 4 baadaye fomu zilipotuishia, karani aliniuliza kama achape zilezile. Nikachukua kalamu, nikafuta neno Baba na kuandika Mzazi au Mlezi. Haikuchukua dakika moja. Watoto wenye baba waliendelea kuletwa na baba zao, na hakuna baba hata mmoja aliyelalamika kwamba amepunguziwa heshima. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilingoja miaka yote hiyo. Jibu ni kwamba hakuna aliyenilalamikia. Katika mikutano ya wazazi walikuja wale ambao watoto wao walipokelewa. Waliokwama langoni hawakuwa na sababu ya kuja kuniambia neno.

Ndiyo maana sikushangaa kusikia kwamba jambo la poti lilisukumwa na mtu wa mashine zisizo na poti. Sisi tulio nazo tungeweza kukaa miaka 100 bila kuona tatizo, tukiwasha taa zetu.

Taa zile 8 bado ninazo, zimo katika kopo la maziwa ya unga. Mjukuu wangu anasema nikipata kompyuta kuukuu yenye tundu la printa, mstari ule utafanya kazi kama zamani. Tumekubaliana atanitafutia. Binti yule, kama yu hai, sasa ni mama wa makamo. Yeye sina wa kumtuma amtafute, na hata akimpata, sijui ningeanza kwa kusema nini.