Wavu wa sungura na jeraha linalofichwa

Shule zikifungwa mwezi wa sita, watoto wa Oldonyo Sambu hawakosi kazi. Kuna mifugo ya kuchunga, kuna maji ya kufuata, na kwa wavulana wengi kuna sungura pori.

Sungura ana njia zake. Usiku hupita kwenye upenyo uleule chini ya ua wa minyaa au michongoma kwenda kula shambani. Watoto huutafuta upenyo huo kwa kuangalia nyayo na vinyesi, kisha hutundika wavu mbele yake, mara nyingi chandarua chakavu, wakiuacha ulegee chini. Wenzao huja upande wa pili na mbwa, wakipiga kelele. Sungura anakurupuka, anaingia wavuni, na kadiri anavyorusha mateke ndivyo anavyozidi kujifunga.

Wazazi wengi huona mchezo huu hauna neno. Nyama inapatikana, na mtoto hazururi kwenye barabara ya Namanga penye malori. Lakini tazama kinachotokea sungura akishanasa. Mtoto anaruka amshike, mbwa wawili watatu nao wanaruka, na mikono na meno vinakutana kwenye wavu mmoja.

Mvulana mmoja wa miaka 10 aling'atwa kidole gumba namna hiyo, tena na mbwa ambaye si wa kwao. Akafunga kitambaa, akasema amechomwa na mwiba. Siku ya tatu mama yake akauona uvimbe.

"Yeyo, usimwambie baba," ndilo neno la kwanza alilotamka.

Alikuwa amekatazwa kwenda kuwinda, na alichoogopa ni fimbo. Kichaa cha mbwa hakikumjia akilini. Mbwa mwenyewe alipotafutwa, hakuonekana tena. Mama alimpeleka hospitali akiamini amechelewa, lakini muuguzi akamweleza kuwa maadamu dalili hazijaanza, chanjo bado inafaa. Sindano zikaanza siku hiyohiyo, na mvulana huyo yuko salama.

Si kila mtoto hupata bahati hiyo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mgonjwa huwa haponi. Kabla ya hapo ugonjwa unazuilika. Huko Ufaransa, mwaka 1885, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa aliokolewa kwa chanjo ya Louis Pasteur.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu wala dawa ya kienyeji, na usilifunge kwa kulikaza. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo, na akamilishe sindano zote kwa tarehe atakazopangiwa. Mbwa wa nyumbani nao wachanjwe kila mwaka.

Kuhusu uwindaji wenyewe, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na watoto hao hawana. Anayependa sungura anaweza kujengewa banda la mbao na kuanza na majike wawili na dume mmoja wa kufugwa. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 31, kwa hiyo hatangoja sana kuona matunda ya kazi yake.

Kukataza pekee hakutoshi, kwa sababu watoto wataendelea kwenda uani usipowaona. Mwambie mwanao leo, kabla hajaumia: akija na jeraha, kwanza atatibiwa. Mazungumzo ya makosa yatasubiri mpaka atoke hospitali.